Nani Anabofya?

Valdecorza, 19 Februari 2006

Mwanangu Visi,

Pokea salamu zangu, pamoja na za jirani yetu Priscila. Goti lake limegoma tena. Siku hizi anatembelea fimbo ya marehemu mumewe, na kila hatua anamlaumu marehemu kwa kuwa mfupi. Milozi imechanua kabla ya wakati na kila mtu anaogopa baridi itairudia. Mimi sijambo, isipokuwa vidole, ambavyo asubuhi havikunjiki mpaka nivitie kwenye maji ya moto. Wewe je? Bado unaendesha basi la watoto wa shule kwenye mvua hiyo ya kwenu? Vaa sweta ndani ya koti, usivae koti tupu.

Ninalokuandikia ni hili. Nina mbwa.

Msimu wa kuwinda sungura umekwisha, na wewe unajua mbwa wa wawindaji hufanywa nini msimu ukiisha. Huyu nilimkuta nyuma ya kisima cha zamani, amenasa kwenye miiba, jike wa mbio, rangi ya majivu, mbavu zinahesabika. Nilimnasua nikampeleka kwa Daktari Leire, yule binti anayetibu mifugo. Akasema ana miaka kama mitatu, hana alama wala mwenyewe, akamwandikisha kwa jina langu. Nimemwita Zarza, jina la ile miiba iliyomnasa.

Sasa ni wiki tatu, na mwanangu, nimeshindwa. Analala bandani. Hali chakula mtu akimtazama. Mlango wa jikoni hauvuki hata umwekee nyama ndani. Ukiinua ufagio anajikojolea. Wewe Jumamosi zako zote unakwenda kuwasaidia mbwa wa namna hii kule kwenye kituo chenu. Niandikie, nifanyeje?

Usipige simu. Simu iko palepale sebuleni, na unajua nani anakaa kando yake. Andika.

Mama yako,
Obdulia


Avilés, 4 Machi 2006

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, mvua ndiyo hiyo, na sweta nimevaa. Basi liliharibika breki wiki iliyopita tukakaa barabarani na watoto thelathini wakiimba wimbo mmoja kwa saa mbili. Pole kwa vidole. Mpe pole Priscila, umwambie fimbo inaweza kuongezwa mpira chini.

Barua yako niliisoma nikaiweka. Nikairudia. Mbwa wa mbio, katika nyumba hiyo? Mumeo anasemaje? Umeandika kurasa mbili na yeye umemtaja pale kwenye habari ya simu tu.

Nitakusaidia kwa sababu ya mbwa. Ndani ya bahasha utakuta kidude cha plastiki chenye bati ndani. Ukikibonyeza kinalia "tak". Hakimwiti mbwa wala hakimwamrishi. Kinamwambia jambo moja tu: hicho ulichofanya sasa hivi, ndicho, na chakula kinakuja. Siku ya kwanza usimtake kitu. Bofya, mpe kipande cha soseji. Bofya, mpe. Mara kumi, kisha mwache. Ukibofya, lazima umpe, hata kama umebofya kwa makosa. Usibofyee karibu na sikio lake. Ubofye wakati anafanya, akishafanya umechelewa. Na usimlazimishe kuketi, mapaja ya hawa ni marefu na kuketi kunawaumiza. Wao husimama au hulala.

Akizoea, anza na mlango. Akiutazama tu mlango, bofya. Kesho akiinamisha mwili kuuelekea, bofya. Usimvute.

Na masharti yangu ni haya. Mumeo asimguse. Mumeo asimwite. Akipaza sauti juu ya mbwa huyo hata mara moja, mpeleke kwa Daktari Leire, nami nitaendesha gari usiku na mchana kuja kumchukua.

Visi


Valdecorza, 26 Machi 2006

Mwanangu,

Marahaba. Baridi ilikuja kama tulivyohofia, lozi zimekufa nusu. Priscila ametia mpira kwenye fimbo na sasa anaingia nyumbani kwangu bila kusikika, kwa hiyo sikushukuru.

Kidude kimefika salama. Mimi nakiita chura, maana kinalia kama wale vyura wa bati tuliokuwa tukiwachezea utotoni. Siku ya kwanza nilibofya, mbwa akakimbilia nyuma ya mapipa, nami kwa mshtuko nikala soseji mwenyewe. Nikakivisha soksi ili sauti ipungue. Siku ya tatu akatokeza pua. Siku ya sita alipokea chakula huku ananitazama usoni! Visi, ana macho kama ya mtu aliyekuwa akilia akanyamaza kwa sababu wageni wameingia.

Mwanzoni tulichelewa kubofya, sasa tunabofya vizuri. Anakuja hadi katikati ya ua. Mlango anautazama, na tunambofyea kwa kuutazama kama ulivyosema.

Kuhusu baba yako, hapazi sauti. Hilo nakuapia kwa chochote utakacho.

Umesema umevaa sweta, lakini hukusema ipi. Ile ya kijani imechakaa viwiko. Nakufumia nyingine, polepole.

Mama


Avilés, 9 Aprili 2006

Mama,

Shikamoo. Sweta ni ya kijani, na viwiko havionekani ndani ya koti. Huku shule zinafungwa kwa Pasaka, basi linapumzika, nami ninapumzika nalo. Mbwa wangu wawili wamezeeka pamoja. Mmoja haoni, mwingine hasikii, wanatosha mbwa mmoja kamili.

Umefanya vizuri na soksi. Hatua inayofuata: tandika kizulia kuanzia uani hadi ndani ya jikoni. Marumaru zinateleza na miguu yao inaogopa kuteleza kuliko kitu chochote. Akikanyaga kizulia kwa mguu mmoja, bofya.

Lakini kuna jambo. Vidole vyako vinachukua dakika nzima kufunga kifungo kimoja cha blauzi. Bati la kidude hicho ni gumu, hata mimi kidole huchoka. Na wewe umeandika "tunabofya", "tunambofyea". Mwenzako ni nani? Priscila ana goti, na tangu nimjue anaogopa hata mbwa wa kwenye kalenda.

Mama, nani anabofya?

Visi


Valdecorza, 30 Aprili 2006

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Juma Kuu limepita, mvua ilinyesha juu ya maandamano na sanamu ya Mama Bikira ilirudishwa kanisani imevikwa turubai la trekta. Nimechelewa kujibu. Si kwa sababu ya Pasaka. Nimeiandika barua hii mara tatu.

Miaka kumi na sita iliyopita, pale kituo cha basi, ukiwa na lile begi la kahawia, uliniambia, "Mama, habari zake usinipe. Za ugonjwa wake usinipe, za kifo chake usinipe." Nimetii. Ndiyo maana hujui.

Tarehe kumi na moja Oktoba mwaka jana baba yako alipigwa na kiharusi. Alikuwa anavua viatu. Upande wote wa kulia umekufa, mkono na mguu. Na maneno yamemtoka yote, isipokuwa moja lililobaki kinywani mwake, sijui kwa nini hilo: "Jumanne". Akitaka maji, Jumanne. Akikasirika, Jumanne. Padri akimletea komunyo, Jumanne. Daktari alisema anaelewa kila tunachosema, ila njia ya kutokea maneno imeziba.

Nilipoanza na chura nilikaa uani karibu na kiti chake, na kweli, vidole vyangu vilichelewa. Mbwa anainua mguu, mimi nabofya wakati ameshaurudisha chini. Baba yako akawa anagonga mkono wa kiti kwa kushoto.

"Jumanne! Jumanne!"

"Kama unaweza, shika wewe!" nikamwambia, nikamtupia chura mapajani. Kwa hasira, sikufichi. Miezi mitano ya kumwosha na kumlisha, halafu anifundishe kazi.

Akakiokota kidude. Akakivua soksi kwa meno. Akatulia. Zarza alikuwa kule kwenye mapipa, na mimi sikuona chochote kimetokea, lakini yeye akabofya. Ndipo nikaona mbwa ameinua kichwa. Aliona kabla hakijainuka, Visi. Miaka arobaini ya kutazama mbwa, analijua paja kabla halijajongea. Tangu siku hiyo sijabofya tena. Yeye anabofya, mimi natupa soseji.

Mlango ulituchukua siku tano. Mtazamo, tak. Bega, tak. Mguu juu ya kizulia, tak. Saa nzima bila neno lolote, mzee kwenye kiti, mimi na kibakuli. Siku ya tano miguu yote minne ilikuwa jikoni. Priscila alikuwa ameegemea dirisha.

"Obdulia, yule ni Eleuterio? Eleuterio yule aliyekuwa akiwapigia mbwa kelele mpaka kengele ya kanisa inaitikia?"

"Ndiye."

"Haya, mzee, leo siku gani?"

"Jumanne."

"Ni Alhamisi, lakini kwa leo nakubali."

Na baba yako akacheka, kwa upande mmoja wa uso.

Ulisema asimguse. Hamgusi. Ni Zarza anayemgusa. Wiki iliyopita alikuja akaweka kidevu chake juu ya ule mkono wa kulia uliokufa, akafumba macho. Mkono ule hausikii kitu. Niliona baba yako anautazama kama mtu anayetazama mwingine akipewa zawadi.

Sasa unajua. Nikasirikie mimi.

Mama


Valdecorza, 28 Mei 2006

Mwanangu Visi,

Salamu nyingi. Sijapata barua yako, labda posta. Zarza sasa analala jikoni. Anakuja ukimwita kwa kupiga paja. Daktari Leire amempima, ameongeza kilo nne. Alimwuliza baba yako kama anataka kuja kumfundishia mbwa wa kliniki, akamjibu unajua nini. Sweta imefika kwenye mabega.

Mama


Valdecorza, 2 Julai 2006

Mwanangu,

Joto limeanza. Sina la kuandika. Nilitaka tu uone mwandiko wangu.

Mama


Avilés, 16 Julai 2006

Mama,

Shikamoo. Barua zako tatu zote zimefika. Posta haina kosa.

Shule zimefungwa, kwa hiyo nimekuwa na siku nyingi za kukaa na karatasi. Yule mbwa wangu asiyeona amekufa mwezi Juni. Sitaki kuongea juu yake.

Nataka kuongea juu ya Saeta.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Saeta alikuwa wake, wa kuwindia, lakini alilala na mimi nyuma ya jiko, na wewe ulijifanya huoni. Msimu ule alivunjika kidole cha mguu akawa anachechemea, sungura wakawa wanampita. Februari, nikarudi kutoka shule, hayupo. Mumeo alikuwa mezani anakula dengu. Akasema bila kuinua uso, "Nimempa mtu wa Torrehiguera. Ana ua mkubwa." Nikamwuliza, "Atanikumbuka?" Akasema, "Mbwa hakumbuki."

Siku mbili baadaye nilikwenda misonobarini kuokota matunda yake makavu ya kuwashia moto. Ule msitu mdogo, ng'ambo ya uwanja wa kupuria ngano. Nilimkuta huko. Alikuwa ananing'inia mtini, Mama. Miguu ya nyuma ilikuwa karibu iguse ardhi. Karibu. Ardhi chini yake ilikuwa imechimbika kwa kucha.

Sikuweza kufikia kamba ilipofungwa nimshushe. Nilijaribu. Nilirudi nyumbani, wewe ulikuwa unakaanga, ukaniambia, "Nawa mikono." Nikanawa. Sikumwambia mtu yeyote. Nikangoja mpaka nifike miaka kumi na minane, nikapanda basi.

Ni miaka ishirini na moja. Kila Jumamosi, kituoni, nikimvisha mbwa ukosi kwa mara ya kwanza, vidole vyangu vinaangalia kama kuna alama chini ya manyoya ya shingo. Kila mara.

Na wewe unaniandikia kwamba Zarza anaweka kidevu juu ya mkono ule. Zarza hajui mkono ule ulifanya nini. Mimi najua. Unaniandikia kwamba amecheka. Unataka nifurahi? Nimefurahi, na ninajichukia kwa kufurahi, nimekaa miezi miwili na hilo.

Sitaki habari za hali ya hewa. Nijibu kitu kimoja. Ulijua?

Visi


Valdecorza, 6 Agosti 2006

Visi,

Nilijua.

Ulitaka hilo tu, na ningeweza kuishia hapo, lakini kuna zaidi, na nisipoliandika leo sitaliandika.

Alikuwa amesimama hapa jikoni, baada ya chakula cha mchana. Akasema kamba yake imeoza. Hakusema ya nini. Hakuwa na haja ya kusema, ilikuwa Februari na Saeta alikuwa anachechemea. Nikatoka uani, nikaifungua kamba ya kuanikia nguo, ile mpya, ya bluu. Ilikuwa ndefu mno. Nikaikata mimi, kwa mkasi wa jikoni, nikamkabidhi. Akasema, "Asante." Nikarudi kuosha vyombo.

Jioni ile nilianika nguo juu ya viti. Ulipoingia uliuliza, "Mama, kamba iko wapi?" Nikasema imekatika. Ukatazama viti, ukanitazama mimi. Nimekuwa nikijiuliza miaka hii yote kama ulifika kule msituni ukaiona rangi ya kamba. Sikuthubutu kukuuliza. Uliponiambia pale kituo cha basi usipewe habari zake, hukusema kwa nini, nami sikuuliza kwa nini, kwa sababu niliogopa utanitajia na mimi.

Wanaume wote wa kijiji walifanya hivyo. Wanawake wote tuliwapa kamba. Sisemi hivi ili unisamehe. Nasema ili ujue hakuna aliyemlazimisha mwingine. Ningeweza kusema hapana. Kwa mambo madogo nilimwambia hapana kila siku.

Barua yako nimemsomea. Yote, hadi kucha. Huenda nilikosea. Nilikaa mbele yake, Zarza yupo katikati yetu, nikasoma kwa sauti. Hakulia. Nilipomaliza alimtazama mbwa, kisha akakiweka kidude juu ya meza, akakisukuma kwa kidole mpaka ukingoni, mbali na yeye.

Hajakishika tena. Ni siku kumi leo. Kila asubuhi Zarza anakwenda kusimama mbele ya kiti chake na kungoja. Anainua mguu. Anaweka. Anamtazama. Anakwenda kwenye kizulia, anarudi. Kila alichofundishwa anakionyesha, kimoja baada ya kingine, na mkono wa kushoto hauinuki. Namwambia, "Eleuterio, mbwa anakungoja." Anafumba macho.

Sijui maana yake. Sitakudanganya kwamba ni toba. Anaweza kuwa na hasira, au aibu, au ni ugonjwa. Mtu mwenye neno moja huwezi kumwuliza mengi.

Sweta imekwisha. Sithubutu kuituma.

Obdulia


Avilés, 20 Agosti 2006

Mama,

Shikamoo. Nimepata barua. Umesema kweli, na hilo nalishukuru. Mengine sijui niyafanye nini. Ndiyo, nilikuwa nimeona rangi.

Siwezi kuandika sana. Ila kuna jambo haliwezi kungoja mimi nipoe. Mbwa aliyefunguka hivyo akifungiwa ghafla, anarudi nyuma kuliko alikoanzia. Anaonyesha kila anachokijua na hajibiwi. Mwishoni ataacha kuonyesha. Nimeyaona hayo kituoni.

Kwa hiyo msomee na hii. Mwambie abofye. Mwambie sikumsamehe, wala asifikiri nimemsamehe. Lakini yule mbwa hana kosa, na kati ya watu wote waliowahi kumshika, yeye ndiye anayemwelewa. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo: Visi amesema ubofye.

Visi


Valdecorza, 3 Septemba 2006

Mwanangu Visi,

Barua yako ilifika tarehe ishirini na sita, Jumamosi. Tulimzika Ijumaa.

Alikufa Alhamisi saa sita mchana, kwenye kiti. Nilikuwa nachambua maharage. Zarza alinyanyuka kutoka kwenye kizulia akaja kusimama mbele yangu, akarudi kwake, akaja tena. Nikadhani anaonyesha yale mambo yake. Nikamwambia, "Kalale, mama." Akaja mara ya tatu, ndipo nikainua macho.

Kidude kilikuwa palepale ukingoni mwa meza. Hakukishika. Ningependa kukuandikia kwamba mwishoni alikishika, lakini hakukishika.

Sikukupigia simu. Kiti kilikuwa kitupu, hapakuwa na wa kunisikia, nikainua simu na namba yako naijua kwa moyo. Nikakumbuka ulichosema kituo cha basi, za kifo chake usinipe, nikairudisha. Usiku wa kilio Priscila aliniuliza, "Binti umemwambia?" Nikamjibu nimetii. Akasema, "Miaka yote hii, Obdulia, umechagua mabaya ya kutii."

Mtu wa posta aliponiletea barua nilikuwa peke yangu na nguo nyeusi za kuazima. Nikaifungua nikiwa nimesimama. Nilipofika pale uliposema nimsomee, nikageuka na kusoma kwa sauti, kwa kiti. Visi amesema ubofye. Nilisoma mara mbili. Sasa najua mtu anaweza kuchelewa kwa siku mbili tu na zikawa ndefu kuliko miaka ishirini na moja.

Zarza hali. Siku kumi leo anakunywa maji tu, na soseji anaigeuzia kichwa. Nilichukua chura nikajaribu mwenyewe, kwa vidole viwili. Aliposikia alikimbia kwenye kiti, akatazama kiti, kisha akanitazama mimi. Nilijuta kuliko unavyoweza kufikiri. Daktari Leire amekuja mara mbili, anasema mwili hauna ugonjwa.

Sikuombi kitu. Nakupa habari tu, sasa kwa kuwa hakuna tena ulizozikataza.

Mama


Avilés, 12 Septemba 2006

Mama,

Shikamoo, na pole. Nakuandikia pole na sijui ni yako au yangu.

Barua yako niliisomea ndani ya basi, kule gereji, watoto wameshashuka. Nilikaa hapo mpaka mlinzi wa gereji akaja kugonga kioo. "Dada, unaumwa?" Nikasema baba yangu amekufa. Akavua kofia. Akaniuliza kama tulikuwa tunapendana, nikamwambia anipishe mlangoni nitoke.

Ile barua ya mwisho niliiandika mara tano. Ya kwanza ilikuwa imeandikwa siku nne mapema, nikaichana kwa sababu niliona nimekuwa mpole mno. Ingefika. Nimehesabu, nimeangalia kalenda ya posta, ingefika Jumatano. Hilo ni langu, wewe usilibebe, una ya kwako.

Kidude kiweke kabatini, usibofye kabisa. Mbwa anayeomboleza hafundishwi kitu. Keti chini karibu naye, umpe mgongo, ule chakula chako mwenyewe, mkate na mafuta, bila kumtazama. Chake weka pembeni, kimiminie maji ya moto ili kinukie. Akila, usifurahi kwa sauti. Asipokula, nyanyuka, rudia jioni. Kile kiti usikitoe. Wacha akinuse mpaka achoke mwenyewe.

Nimeomba ruhusa kazini, na barua hii nimeilipia posta ya haraka ifike kabla yangu. Nitatoka Ijumaa, nitalala njiani, nitafika Jumamosi kama saa kumi jioni, na yule mbwa wangu kiziwi, sina wa kumwachia. Sijui ninakuja kwako au kwa Zarza. Makaburini sitakwenda, usinishawishi, na usimruhusu Priscila anishawishi. Usipike kitu cha pekee.

Na jambo moja, Mama, nakuomba ulishike kuliko yote niliyowahi kukuambia. Usiniulize kama nimekusamehe. Siku ya kwanza usiniulize, wala ya pili, wala wakati wa kuosha vyombo. Ukiniuliza nitasema hapana, kisha itanibidi niondoke, nami sitaki kuondoka.

Visi